Siku Niliyojitolea Kuwa Mwizi wa Halua

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana hapa Changamwe mimi Bakari, mwenye tanuri la mikate, niliyeanza na ratili mbili za unga na leo nimeajiri watu sita, nilikuwa nikijigamba kwamba hakuna jambo duniani la kunishangaza.

Basi Mwalimu Katana akazusha mtindo wake wa kuwafunza watoto kufikiri: anaunda wizi wa uongo, wao wanapeleleza, na kila wanalosema lazima waonyeshe wamelijuaje. Wazazi wengine walinung'unika (ati watoto watakosa adabu), mimi nikamtetea, kwani siku ya upelelezi huo wazazi wangekuja pia kuchagua mwenyekiti wa kamati ya shule, na kile kiti nilikitaka mno. Nikatoa sinia ya halua ya kuibwa, na mwizi nikajitolea kuwa mimi.

"Ukishaiba, acha kijibarua cha kuwacheza shere," mwalimu akaniambia. "Uandike kwa mkono wako."

Hapo ningesema tu, mwalimu, mimi kuandika sijui. Nikasema, "Hilo dogo," nikaenda zangu hadi stesheni, nikasimama mbele ya ubao wa tangazo, nikazinakili herufi zake moja moja, nikajiona nimemshinda karani.

Alasiri, wazazi wamejaa, akasimama Mbeyu, binti wa mchukuzi wa bandarini, ile karatasi mkononi.

"Mwizi ameandika, 'Ni marufuku kutema mate hapa.' Ajuaye kusoma hawezi kuandika haya kwa ajili ya halua. Amenakili tu. Kwa hiyo si mwalimu. Tena karatasi ina unga."

"Wenye unga ni wengi," nikadakia (ulimi wangu huu).

"Ni kweli, mzee. Lakini wewe ukiletewa barua hunipa nikusomee, wasema miwani umeisahau nyumbani. Miaka miwili nanunua mikate kwako, miwani sijaiona."

Watu wakaangua kicheko, mmoja akauliza kama mwenyekiti atatia sahihi kwa dole gumba. Mwalimu akanitazama kama mtu anayengoja kufukuzwa, maana nikikasirika somo lake limekwisha, na hasira, wallahi, nilikuwa nayo. Lakini yule mtoto alikuwa amefikiri, na mimi ndiye niliyewaambia wazazi waache watoto wafikiri.

"Kasema kweli," nikasema. "Kiti mpeni mwingine. Mimi nipeni nafasi kwenye benchi."

"Utakaa na sisi, mzee?" Mbeyu akauliza. "Basi uwahi, mwalimu huchapa."

Tangu hapo sijadai kujua nisichokijua, na haya mnayoyasoma nimeyaandika mwenyewe. Sleti shilingi moja na senti ishirini, kalamu yake senti kumi, kitabu cha kwanza senti hamsini: jumla shilingi moja na senti themanini.