Siku Wasikilizaji Wangu Waliponisikia

Chekeni tu, nimeshazoea. Mimi na mwenzangu Nafula tuna podikasti ya ufugaji wa ng'ombe hapa Eldoret. Wiki jana tulikuwa tunatafuta apu ambayo wasikilizaji wetu wangekutania na kuongea. Tuliwatumia linki ya moja, kisha tukaketi ofisini tuijaribu kwanza. Nikabonyeza "Fungua chumba," nikidhani nimetufungulia sisi wawili tu.

"Hii 86 hapa juu ni ya nini?" Nafula akauliza.

"Ni chaji ya simu," nikamjibu kama fundi.

Kisha nikamtolea siri yangu. "Shida ni kwamba humu wataniuliza maswali papo hapo, na mimi sijawahi kukamua ng'ombe. Nawaogopa! Hata maziwa ya chai mimi hununua ya pakiti."

Kabla Nafula hajacheka, sauti ya mzee ikatoka kwenye simu, taratibu na kwa heshima.

"Mwalimu, ni Koech hapa Ainabkoi. Tuko wengi, tunakusikia vizuri. Sasa hii ng'ombe yangu uliniambia niimbie kila asubuhi, niendelee ama ninyamaze?"