Kikoba cha Kupandia Pembea

Harufu ya ndimu hunichafua moyo. Najua kwamba ndimu ndiyo dawa ya kuchafukwa na moyo, na hapo ndipo penye mkasa wangu: nilipewa dawa hiyo mara nyingi mno utotoni, hata dawa na ugonjwa vikawa kitu kimoja. Kila tulipopanda gari la shamba kwenda Mkokotoni kwa jamaa zetu, mama alinitia mkononi kipande cha ndimu na kuniamuru ninuse. Nilinusa kwa utiifu mpaka Mahonda, ambako gari lilisimamishwa kwa ajili yangu, abiria wakashuka kunyoosha miguu huku wakiniombea afueni kwa sauti zisizokuwa za dua hasa. Nilichafukwa ndani ya gari, nilichafukwa juu ya gari la ng'ombe, na siku moja nilichafukwa kitandani kwetu kwa sababu wadogo zangu walikuwa wakikirukia. Kupanda juu nako kulinitia hofu ya namna yake. Nyumba ya bibi yetu, mjini Mkunazini, ilikuwa na ghorofa mbili na sakafu ya juu isiyoezekwa, palipoanikwa nguo. Wenzangu walikimbilia ukingoni kuchungulia vilemba vya wapita njia. Mimi nilibaki katikati, nimeshikilia kamba ya kuanikia kana kwamba nyumba ingeng'oa nanga wakati wowote. Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, nilisoma kwamba ndani ya sikio la binadamu mna maji, na kwamba maji hayo yakichanganyikiwa na mwenyewe huchanganyikiwa. Nilifurahi sana kujua kwamba kosa halikuwa langu, lilikuwa la sikio. Lakini mwaka ninaoukumbuka, katikati ya miaka ya hamsini, hakuna aliyelisingizia sikio.

Mwaka ule ulianzia kwenye Idi ya mwaka uliotangulia. Sisi watoto wa Kikwajuni tulikuwa na bahati ya kukaa karibu na Mnazi Mmoja, ambapo sikukuu husherehekewa, na kabla hatujaiona pembea tulikuwa tumeshaisikia. Lilikuwa gurudumu la mbao lililosimama wima, lenye visanduku vinne vilivyoning'inia, kila kimoja kikiingia watoto wawili. Mashine haikuwapo. Vijana wenye vifua kama milango ya kuchonga walilizungusha kwa mikono, na mhimili wake, hata upakwe mafuta ya nazi kiasi gani, ulilia kama paka aliyebanwa na mlango. Humo nilipanda na Zuwena, mtoto wa mama yangu mkubwa, aliyekaa nyumba ya pili na yetu. Tulikuwa tumevaa magauni ya rangi ya waridi yaliyokatwa katika jora moja, na tumboni mwangu mlikuwa na bajia, ubuyu na maji ya mabungo. Mzunguko wa tatu ulinishinda. Kilichotoka kiligawanyika kwa haki: nusu kwenye gauni la Zuwena, nusu kwenye kanzu ya bwana mmoja aliyekuwa amesimama chini akimpungia mwanawe. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na siku ile nilijua kwamba yapo maneno ya wahenga yanayotekelezwa neno kwa neno, kwani niliposhuka walikuwa wakiningojea wengi. Lakini bwana yule alikuwa na kanzu nyingine. Zuwena hakuwa na gauni jingine. Siku zilizobaki za Idi alizimaliza kwa nguo ya mwaka wa nyuma yake, iliyomfika juu ya magoti, na doa la mabungo halikutoka kwa sabuni wala kwa jua.

Lazima nieleze uzito wa jambo hili. Mtoto wa kike wa wakati ule alishona sare ya Idi na mwenziwe, na kitambaa kilikuwa kama cheti cha ndoa: mliovaa sare mlitembea pamoja, mlikula pamoja, na pembea mlipanda pamoja. Mama yangu ndiye aliyekuwa mshoni wa nyumba zote mbili, na ada yake ilikuwa kwenda dukani Darajani likianza kumi la mwisho la Ramadhani. Basi Ramadhani iliyofuata, mwezi ungali mchanga, Zuwena alinijia nikipepeta mchele uani na kukaa mbali kidogo, kama mtu aliyekuja na barua ya talaka.

“Mwaka huu nnapanda na Ruzuna,” alisema. Ruzuna alikuwa mtoto wa jirani, mwenye tumbo ambalo naamini lilifunikwa bati kwa ndani. “Na nguo nnashona na yeye.”

“Na mimi je?”

“Wewe nshakusamehe. Gauni langu ndilo halijakusamehe.”

Nilimwomba angoje. Nilimwambia kwamba kabla mama hajakwenda Darajani nitakuwa nimepona. Aliniangalia kwa huruma, akasema atangoja mpaka siku ile ya kitambaa, si zaidi. Tangu hapo sikuwa na haja nyingine duniani ila kubaki ndani ya nguo moja na Zuwena.

Nilijitia mazoezini. Mchana nilikwenda kwa bibi Mkunazini nikapanda mpaka sakafu ya juu, na kila nilipokwenda nilisogea hatua moja kutoka kwenye kamba ya nguo kuelekea ukingoni. Bibi alidhani nimekuwa mpenzi wa kuanika. Kuhusu tumbo, kaka yangu alinifungia kamba kwenye mshelisheli wetu wa uani nipate kubembea, lakini hapo palizuka suala zito la dini. Nilikuwa nikifunga, na tulikuwa tumesomeshwa kwamba mwenye kujitapisha makusudi hana saumu. Nilimwendea Maalim wetu wa chuoni tulikosoma Kurani, mzee mpole aliyekuwa hakati maneno ya mtoto hata awe mpumbavu kiasi gani.

“Shikamoo, Maalim. Mtu akitapika mchana wa Ramadhani, ana saumu?”

“Marahaba. Kutapika kukimshinda, anayo. Akijitapisha, hana.”

“Na akipanda pembea hali ya kuwa anajua kwamba kutamshinda?”

Maalim alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Mwanangu,” alisema, “pembea na mchana wa Ramadhani, wapi na wapi? Bembea usiku.”

Nilifuata fatwa hiyo bila kuipima. Baada ya futari, yaani baada ya uji wa pilipili manga, viazi vikuu vya nazi na tambi za sukari, nilikaa kwenye kamba na kujisukuma. Mwenye akili atajua kilichotokea. Kilitokea usiku wa kwanza, kikatokea wa pili, na ule wa tatu paka wa jirani alikuwa ameshakuja mapema kukaa chini ya mshelisheli akingojea. Hata hivyo nilijifunza jambo moja: nikifumba macho hali huwa mbaya zaidi, na nikikitazama kitu kimoja kilicho mbali kisichotikisika, taa ya dirisha la jirani kwa mfano, nilipata nafasi ya kuhesabu mbembeo kadhaa kabla mambo hayajaharibika. Nilikuwa nimenunua muda. Kupona sikupona.

Nikiwa nimekaa nimejikunja chini ya mti ule, mdomo mchungu, ndipo jibu la Maalim liliponirudia na kunifungua macho. Kukimshinda, anayo. Ikiwa Mwenyezi Mungu mwenyewe hanihesabii kilichonishinda, Zuwena ana daraja gani ya kunihesabia? Lakini Zuwena hakulalamika kwamba nilitapika. Alilalamikia mahali nilipotapikia. Siku zote hizo nilikuwa nikipigana vita visivyokuwa vyangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama, aliyekuwa kwenye charahani akishona nguo za watu, nikamwomba kikoba.

“Cha kutilia pesa za Idi?” aliuliza bila kuinua kichwa.

Nilimwambia cha nini. Charahani ilisimama. Mama alifungua kasha, akatoa gauni lile la Zuwena la waridi, lililoletwa kwetu litolewe doa likashindikana, akakata upande uliokuwa safi. Ndani alitia kipande cha mpira kilichobaki tulipomshonea mdogo wangu tandiko la kitanda, na juu akapitisha uzi wa kuvuta, mara mbili, ili mdomo ufunge barabara. Kwa nje kilikuwa kikoba cha kupendeza, hata lesi alikitia.

Zuwena alikipokea akakigeuzageuza. Alikitambua kitambaa mara moja, na uso wake ukafanya mambo mengi kwa pamoja. “Kitie maji,” alisema. Tulikijaza maji ya mtungini, tukavuta uzi, tukakining'iniza kichwa chini juu ya sakafu ya saruji. Tulingoja mpaka mikono ikauma. Halikudondoka tone.

“Haya,” alisema hatimaye. “Mwambie mama mdogo anunue wari za watoto wawili. Lakini kikitoka kitu chochote nje ya kikoba, mimi na wewe tushamalizana.”

Mwezi uliandama, mizinga ikalia, na asubuhi tulitoka tumevaa kijani kibichi chenye nukta nyeupe. Ruzuna alivaa manjano na nduguye, wala hakuonyesha majonzi. Sikula kitu ila kipande kidogo cha mkate wa mofa, ushauri niliojipa mwenyewe baada ya viazi vikuu. Mbele ya pembea mlio wa mhimili uliniingia kwenye meno. Ndimu nilikataa kuichukua. Tulikaa, kijana akatufungia ubao mapajani, na dunia ikaanza kushuka.

Nilichagua mti mmoja mrefu wa mvinje upande wa pwani, nikaukodolea macho kama mdai wangu. Tulipanda, tukashuka, tukapanda. Kisha, kwa sababu chini palikuwa na watoto wa kupakiwa, gurudumu lilisimamishwa nasi tuko juu kabisa, kisanduku kikayumba kwa upepo. Mwaka uliopita hapo ndipo nilipomwita mama. Safari hii nilitazama. Niliyaona makuti na mabati ya Kikwajuni, niliziona nyumba nyeupe za mjini na mahali ilipo sakafu ya bibi, na nikashangaa kwamba kutoka hapo ukingo ule ulionitesa ulionekana mwembamba kama uzi. Nikasema moyoni, kumbe. Na gurudumu likaanza kushuka kwa ghafla, na kumbe yangu ikakatika katikati.

Kulinishinda. Lakini kikoba kilikuwa mapajani, mdomo wazi, na mimi nilikuwa fundi niliyehitimu chini ya mshelisheli. Niliinama kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka, nikamaliza shughuli, nikainuka.

“Vuta uzi,” alisema Zuwena kwa sauti ya chini.

“Nshavuta.”

Alijitazama, akanitazama mimi, akachungulia chini kwenye kanzu za watu. Kila kitu kilikuwa cheupe palipotakiwa weupe na kijani palipotakiwa kijani. Hapo ndipo alipocheka, nami nikacheka, na mizunguko iliyobaki niliimaliza nimeinua kichwa kama bibi harusi.

Tulipokuwa tukitafuta mahali pa kukisafishia kikoba tulikutana na Ami Sefu, ndugu wa baba yangu, bwana mnene mwenye koti juu ya kanzu, aliyependa kutoa mkono wa Idi mbele ya watu.

“Shikamoo, Ami,” tulisema pamoja.

“Marahaba, pacha wangu. Idi mubarak. Lete kikoba hicho, nikutilie.”

“Nitilie mkononi, Ami.”

“Mkononi utaangusha. Mtoto wa kike hutunza. Fungua.”

Alikuwa ameshanyoosha mkono. Zuwena, ambaye angeweza kusimama kando na kulipiza kisasi chake cha mwaka mzima bila kutamka neno, alijiingiza katikati yetu. “Chake kinavuja, Ami. Nipe mimi, nitamtunzia.”

“Kinavuja? Kazi ya mama yenu ivuje?” Ami Sefu alikichukua, akakipima kiganjani kama muuza karafuu, na uso wake ukachangamka. “Mashaallah, mbona kizito. Kumbe nyinyi mshavuna kunishinda mimi. Haya, wacheni na wengine wapate.” Akanirejeshea kikoba changu kwa heshima, akarudisha pesa zake mfukoni, akaenda kwa watoto wengine.

Zuwena alikaa mchangani na gauni lake jipya, akacheka mpaka akashika mbavu. Mwaka ule alinipa nusu ya kila alichokipata, na mwaka uliofuata hakuna aliyeuliza nani atashona na nani.

Siku hizi pembea za sikukuu zinazungushwa na injini, na watoto wanazipanda huku wakila biskuti, jambo ambalo siwezi kulitazama. Mimi nami nimepanda vitu virefu kuliko mvinje. Kazi yangu hunipeleka kwenye mikutano, na mikutano haifikiki kwa miguu. Sikupona hata leo. Sikio langu ni lile lile. Lakini ndani ya ndege nilikuta kwamba bwana fulani amefikiri alivyofikiri mama yangu, ingawa kwa karatasi na bila lesi, na kila ninapokaa kitini nakitoa kifuko kile mfukoni mwa kiti, nakifungua, nakiweka mapajani. Abiria wenzangu husogea kidogo. Hofu yangu ina mahali pake pa kukaa, nami ninabaki na macho yangu kutazama dirishani.

Mwaka jana nilisafiri na Zuwena kwenda Maskati, kwenye harusi ya mwanawe. Tulikuwa tumeshona sare, watu wazima wenye mvi. Ndege ilipoanza kukimbia alitoa kifuko chake mbele yake, akakifungua, akakiweka mapajani mwangu juu ya kile changu.

“Jaza usiogope,” alisema. “Ami Sefu, Mungu amrehemu, hayupo tena kuja kukipima.”