Mvua ya Pili ya Baba

Baba alikuwa na kichwa kigumu, na kichwa hicho kilibaki kwetu Fizi mwili ulipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kwetu, pembezoni mwa msitu, mvua haiagi. Inapumzika kidogo, inarudi. Kwa hiyo maharage tulipanda mara mbili kwa mwaka, na mbolea hakuna aliyebeba: unafyeka, unachoma, unapanda kwenye majivu. Udongo ukichoka, unauachia msitu, unahamia mbele.

Huku Malawi mvua huja mara moja, na Aprili inakuwa imeshafunga virago. Na kile kipande tulichokodi karibu na kambi, mbele yake palikuwa shamba la mtu, nyuma shamba la mtu. Tungehamia wapi?

Nilikuwa sekondari, na mwalimu wa jiografia alishatufundisha kwamba udongo wa msitu wa mvua si tajiri kama watu wanavyodhani. Chakula kiko juu, kwenye majani yanayoanguka na kuoza upesi kwa joto na unyevu, na mizizi hukinyonya kabla hakijazama. Ukikata miti, mvua inaosha kilichobaki. Nikamweleza baba. Heri ningeueleza ukuta.

“Papa, huku mvua inakuya mara moya tu. Na huu udongo hauna majani ya kuulisha.”

“Mwalimu wako amelima wapi? Udongo ni udongo. Mvua ya pili itakuya tu.”

Mbegu zenyewe hazikuwa za kuchezea. Yalikuwa maharage ya kutambaa ya kwetu, mekundu, ambayo mama aliyavusha mipaka yote yakiwa yamefungwa kwenye kitenge. Niliwahi kuyatafuta sokoni Lilongwe, nikafika hadi Nathenje, hakuna aliyeyajua. Yakifa haya, yamekwisha. Baba akayapanda yote Aprili ile, bila kubakiza hata kikombe. Mama aliona kitenge kitupu, akakaa chini akalia. Mimi nilitamani kupiga kelele.

Basi kila alfajiri, baba akiwa kwenye maombi kanisani, nilipanga foleni kwenye pampu, nikamwagilia ile mistari ndoo kwa ndoo huku nikinung'unika. Shingo iliniuma. Shuleni nilisinzia, tena kwenye kipindi cha jiografia. Mengi yalikauka hata hivyo, lakini machache yakapanda vijiti, yakatoa maua, yakazaa.

Siku ya kuvuna baba alituita shambani, mimi na mama. Mkononi alikuwa na maganda yaliyojaa, na uso wake ulikuwa haujang'aa hivyo tangu tutoke kwetu.

“Munaona? Mvua ya huku iko na haya, inanyesha batu bakilala. Kila asubuhi nilikuta udongo umelowa. Mwaka kesho tutaongeza shamba.”

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba mvua hiyo ina shingo inayouma na jina alilonipa mwenyewe. Mama akanikazia macho.

“Ndiyo, Papa,” nikasema. “Tutaongeza.”