Safari ya Kumwona Moraa Ng'ambo ya Maporomoko

Mvua ya mawe ikianza kupiga mabati, huwa naacha ninachofanya na kukaa kimya. Wenzangu hukimbilia kufunga madirisha na kulalamikia majani ya chai yanayochanika shambani. Mimi husikia maporomoko ya maji ambayo sijawahi kuyaona.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukiishi Gesima. Mama mdogo Moraa, dada wa pekee wa mama yangu, alikuwa ameondoka zamani kwenda kusomea uuguzi kule Rhodesia, akaolewa huko huko. Kisha siasa zikaharibika. Pasi zetu hazikukubaliwa kule, na yake ilikwisha muda asipate nyingine. Barua zilizungukia kwa rafiki yake aliyekuwa Malawi, na moja ilichukua miezi miwili kufika. Mama alizitia zote ndani ya Biblia, hadi Biblia ikakataa kufungika.

Baba alikuwa mwalimu, na kama walimu wengi wa enzi hizo, aliamini hakuna shida isiyo na jibu kwenye ramani. Jioni moja alifungua atlasi ya shule mezani, akaweka kidole mahali mto Zambezi unapoporomoka. Mpaka, alisema, unapita katikati ya maji yale. Upande huu ni Zambia, ambako tunaruhusiwa kuingia. Upande ule ni Rhodesia. Moraa asimame kwao, sisi tusimame huku, tutazamane.

Mama aliinuka. Alikwenda jikoni akakaa kitambo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema ni moshi.

Tuliipanga safari hiyo karibu mwaka mzima. Pale majini tungekaa siku mbili tu, lakini njiani ilikuwa wiki nzima kwenda na nyingine kurudi, na baba alikuwa mzee wa kanisa ambaye asingekubali Sabato imkute ndani ya basi. Alichora njia akaifuta, akachora tena, hadi karatasi ikatoboka pale Tabora. Mwishowe Sabato ikatua Lusaka, naye akalala usingizi mzuri. Mama kwa upande wake alisaga unga wa wimbi, akaufunga vizuri kwenye kifuko cha kitambaa.

"Huu utamrushia?" baba akamuuliza.

Mama alinuna siku mbili.

Lakini kosa lake kubwa lilikuwa la watu wote wa milimani kwetu. Sisi huongea kutoka kilima hadi kilima. Mama akitaka chungu chake kirudishwe, alisimama ukingoni mwa shamba la pareto, akamwita jirani yetu Kerubo ng'ambo ya bonde, na Kerubo akajibu huku anachuma mboga. Kwa hiyo mama alikuwa amepanga mazungumzo. Angemweleza Moraa jinsi mama yao alivyokufa, nani alimfumba macho, na maneno aliyoyaacha. Hayo hakutaka kuyaandika kwenye barua.

Baba alingoja mvua ya mawe. Ilipokuja, alisimama mwisho wa sebule, akafungua mdomo akasema jambo refu. Mabati yalinguruma.

"Nimesema nini?" aliuliza ilipopungua.

"Umesema unataka chai."

"Nimesoma Zaburi nzima, Mama Nyaboke. Na yale maji yanashinda mvua hii."

Mama alitazama sakafu. Baadaye wakakubaliana kwamba angevaa leso ya njano na kupunga mkono, basi. Barua ikaenda: Jumapili ya kwanza ya Agosti, saa nne asubuhi. Jibu likaja: nitakuwepo.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, redio ikasema mpaka ule umejaa askari wenye bunduki pande zote mbili, na watu wameumia. Baba alizima redio, akaikunja ramani. Barua ya kumzuia Moraa isingemfikia kwa wakati.

Jumapili ile mama alivaa leso ya njano, akanishika mkono, tukaenda ukingoni mwa pareto. Akageukia kusini. "Moraa oooi!" aliita. Aliita tena na tena. Ng'ambo ya bonde Kerubo akauliza kwa sauti, Moraa yupi huyo? Niliona haya, nikatamani ardhi inimeze.

Baada ya hapo mama alijaribu kunitajia maneno niandike barua ya kuomba radhi, maana yeye kalamu ilimpa taabu. Mara mbili aliichana. Kabla hatujajaribu mara ya tatu, ya Moraa ikafika. Nilimsomea mimi.

"Dada, nimekuona. Kwa umbali ule ulikuwa mdogo sana, lakini leso niliiona, na nilipopunga nawe ulipunga. Niliita hadi sauti ikakauka. Yule mtoto uliyemshika mkono bila shaka ni Nyaboke. Amekua."

Mama aliichukua barua akaikunja. Kisha akasema, "Andika: Nami nilikuona."

"Mama, huo ni uongo."

Nilimgeukia baba aniokoe. Huyu ndiye aliyenichapa kwa sababu ya uongo wa kijiko kimoja cha sukari. Hakuinua kichwa kwenye madaftari yake.

"Andika pia kwamba amenenepa kidogo," alisema. "Atafurahi."

Niliandika nikiwa na hasira, na kwa miezi kadhaa niliwaombea wote wawili msamaha kanisani.

Mama mdogo alifariki kule kabla mipaka haijafunguliwa. Nilikuwa msichana mkubwa. Wanawake walijaa nyumbani kumfariji mama, naye akawaambia, "Angalau tulionana, ile Jumapili." Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimeandika: kuonana kwao kote kulikuwa katika mstari ule mmoja, na mkono uliouandika ulikuwa wangu.

Kerubo alinigeukia. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," nikasema. "Mama alinishika mkono."