Kijiti cha Jirani

Siku ile tulikuwepo mimi, wadogo zangu wawili, bibi, na jirani yetu muuza vitenge. Mama alikuwa amezikwa, na waombolezaji wengine walikuwa wamerudi makwao. Nimewakumbuka leo kwa sababu mwenye nyumba yangu hapa Kasese ameukata mparachichi wa uani, na kichaka changu cha maua kimebaki juani. Tangu asubuhi naingia, natoka, nakifunika kwa gunia, nalisogeza gunia jua likisogea.

Kule kwetu Bwera, mpakani, jirani alikuja siku ile na vijiti vitatu vilivyofungwa kwa jani la mgomba. Vilikuwa vya yale maua ya buluu yanayochanua kwa mafungu, yasiyopenda jua. Nikafungua mdomo kushukuru, akanizuia.

"Asante hapana, mama mudogo. Ua likipewa asante halishiki. Likichanua, uniletee na mimi kijiti."

Mama mudogo. Ndivyo alivyoanza kuniita siku hiyo, kana kwamba wadogo zangu sasa ni wanangu.

Nami nilitaka wapita njia waone kwamba nyumba yetu bado ina watu, nikavipanda mbele kabisa, palipo wazi. Kufika adhuhuri vilikuwa vimelegea kama mboga iliyochemshwa. Bibi akatoka na ungo wake, akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"We mutoto, uko napanda maua ao uko naanika muhogo?"

Tukavihamishia nyuma ya jiko, chini ya migomba, penye harufu ya moshi na majani mabichi. Shule nilikuwa nimeacha. Wadogo wakishaondoka na madaftari yao, nilivimwagia maji niliyooshea mchele. Viwili vilikufa. Cha tatu kikashika, na mvua zilipokuja kikatoa fungu kubwa, buluu tupu. Nikakata kijiti, nikakimbia nacho kwa jirani. Mlango una kufuli. Alikuwa amevuka mpaka, amemfuata binti yake Kongo.

Bibi hayupo tena, na pale nyuma ya jiko pamejengwa maduka. Kichaka hiki ni mtoto wa kile, ingawa udongo wa Kasese umeyageuza maua yake yakawa ya rangi ya waridi. Wadogo zangu, wenye kazi zao sasa, huniambia, "Dada, si ununue kingine?" Kingine hakitakuwa cha kumrudishia jirani.

Jua limezunguka, nainuka tena na gunia. Kila msimu naotesha kijiti kimoja kwenye kopo, nawauliza wanaotoka ng'ambo ya mpaka kama wanamjua. Asante sijaisema mpaka leo, na kijiti chake bado ninacho.