Chipsi za Juni za Mavis Barraclough

Ijumaa, tarehe 21 Juni 1985. Manyunyu tangu alfajiri, joto zito, hakuna upepo. Dirisha la duka lilikuwa limeshika ukungu hata kabla makarai hayajawashwa.

Mji wetu uko bondeni, chini ya Halifax, kaskazini mwa Uingereza, na duka la samaki na chipsi la Mavis Barraclough liko pale barabara inapopinda kwenda kwenye mfereji. Mavis alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alianza kukaanga pale siku alipoolewa na Clifford, na Clifford alipofariki akaendelea, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza kama angependa kufanya jambo jingine. Mimi nilikuwa kaunta, nikitia chumvi na siki na kufunga karatasi. Yeye aliishi juu ya duka. Akishuka ngazi alikuwa kazini. Akipanda, harufu ya mafuta ya ng'ombe tunayokaangia ilipanda naye ikalala kwenye mito.

Dada yake Edna alikuwa na nyumba ndogo huko Filey, kando ya bahari, yenye chumba kimoja kitupu. Alimwambia Mavis kwamba chumba ni chake akihamia kabla ya Julai; asipokuja, kuna muuguzi anakitaka. Mavis alikitaka. Lakini hakuwa na kitu duniani ila lile duka, na hangeweza kuondoka bila kuliuza. Wanunuzi wawili walikuwa wamekuja majira ya baridi, wakapima kuta, wakakunja nyuso, wakaenda zao. Wa tatu alikuwa Bwana Andreou, Mkupro mwenye duka la chipsi Huddersfield, aliyetafuta la pili mkewe alisimamie. Alisema atakuja Ijumaa adhuhuri, duka likiwa limejaa, aonje.

Ijumaa hiyo ya Juni.

Asiyekaanga hudhani kiazi ni kiazi mwaka mzima. Viazi vyetu, aina ya Piper, huchimbwa mwezi wa Oktoba, na hadi Krismasi chipsi hujipika zenyewe. Baada ya hapo vinakaa ghalani kwa mkulima, kwenye baridi, visichipue. Baridi ile huvitia utamu. Ukivitumbukiza kwenye mafuta ya moto, utamu unaungua: nje kahawia kama mlango wa kabati, ndani bado vigumu. Na viazi vipya vinavyoanza kuingia sokoni Juni vimejaa maji. Chipsi zake hunywa mafuta, zikalala kwenye karatasi kama kitambaa kilicholowa. Kwa hiyo Juni mkaangaji ana njia mbili, na zote mbaya. Maduka yote ya bondeni hubandika tangazo ukutani kuomba radhi: ni majira ya viazi, mtuvumilie. Watu wamezoea. Wanasoma, wananung'unika, wanakula.

Mavis hakuwahi kubandika tangazo lile. Kila duka la mwenzake lilipolibandika, alilipita akitazama mbele, kama anayepita nguo za ndani za jirani kwenye kamba.

Wiki moja kabla ya Bwana Andreou kuja, alinishika mkono akanipeleka chumba cha chini, kwenye ubaridi, tukaanza kupandisha magunia. Tulipita jikoni, tukapita ngazi, mpaka sebuleni kwake. Kiazi kilichoshikwa na baridi ukikiweka kwenye joto siku kadhaa, utamu unapungua. Si kila gunia linakubali, na ukizidisha joto vinaota au vinaoza. Ndiyo maana hakuna anayejisumbua.

"Mavis, bandika tangazo kama wenzio," nilimwambia nikihema. "Yule bwana naye ni mkaangaji. Anajua Juni ni Juni."

"Asije mtu akala chipsi za kuungua kwangu, halafu akanunua duka la Clifford kwa kunihurumia."

"Si unataka kuondoka?"

"Nataka kuondoka. Sitaki kuonekana nimeshindwa." Akasukuma gunia kwa goti mpaka kwenye zulia. "Shika hapo chini, usiburute. Vikichubuka vinakuwa na madoa meusi."

Aliwasha hita ya gesi, mwezi wa Juni, madirisha yamefungwa. Kiti chake cha kutazamia televisheni kilizungukwa na magunia hata ikabidi apite kiupande akitaka kukaa. Kila jioni alikata kiazi kutoka kila gunia, akakaanga vipande vichache, akavitazama dirishani. Mwanzoni vilikuwa kahawia. Baadaye vikawa na rangi ya mbweha. Gunia moja lilikataa kabisa, akalirudisha chini mwenyewe. Alhamisi alinishushia sahani. Zilikuwa za dhahabu.

Siku yenyewe foleni ilifika nje mlangoni kabla ya saa sita. Wa mbele alikuwa Stanley Ogden, mzee aliyestaafu kiwanda cha rangi, ambaye Ijumaa bila maneno kwake si Ijumaa.

"Jana nilikula za kule darajani," akasema ili wote wasikie. "Nikadhani wamenikaangia penseli."

"Ungeomba na raba," Mavis akajibu, akitikisa kikapu cha waya.

Watu wakacheka. Nikamfungia mzee chipsi zake. Akafungua palepale kaunta, akachukua moja, akaiinua kwenye taa.

"Juni hii? Mama, umeiba wapi?"

"Kula, Stanley. Unawazibia wenzio njia."

Bwana Andreou alikuwa amesimama kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote, mwenye koti lililolowa mabegani. Sikumtambua mpaka zamu yake ilipofika na Mavis akasimama wima ghafla. Alichukua samaki mmoja na chipsi, akaenda kula kando ya dirisha. Hakumgusa samaki. Alikula chipsi polepole, akavunja moja katikati, akatazama ndani, akanusa. Kisha akaja pembeni ya jiko, upande ambao wateja hawaji.

"Mama Barraclough, hivi viazi vya wapi?"

"Vya Ellis, huko Goole. Ni vya mwaka jana."

"Mimi pia nanunua kwa Ellis. Vyangu vinatoka kama vijiti vya kiberiti vilivyowashwa."

Mavis hakuweza kujizuia. Niliona midomo yake ikitabasamu kabla yeye mwenyewe hajakubali. Akanikabidhi kikapu, akampandisha juu, akamwonyesha. Nilisikia nyayo zao zikizunguka sebuleni juu ya vichwa vyetu, kisha zikasimama muda mrefu. Waliporudi, Bwana Andreou alikuwa amevua kofia.

"Nilikuja kununua jiko, kaunta na mlango," akasema. "Nilijua nitakuta chipsi za Juni kama zangu. Ningekulipa, ungenipa funguo, basi."

"Basi nilipe, nikupe funguo."

"Na hawa?" Akaonyesha foleni kwa kidevu. "Juni ijayo nikiwapa chipsi zangu, watasema mgeni kaharibu duka. Watavuka daraja wote."

"Nitamfundisha mkeo. Aje kesho."

"Kesho atajifunza nini? Umebakiwa na magunia mawili, nayo yameshaiva, na ghala la Ellis limekwisha. Vipya vikikomaa, hata mimi naviweza. Kazi hii inafundishwa Juni, kwa gunia lililotoka baridini, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Juni hii imeisha, mama." Alisema kwa upole, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkasirikia. "Nanunua. Bei uliyotaja sipunguzi. Lakini unabaki kwenye karai mpaka Juni ijayo ipite, na mke wangu ubavuni mwako."

Mavis alitazama karai. Chipsi zilikuwa zimeanza kuelea na sauti ya mafuta ilikuwa imebadilika, kwa hiyo akazitoa, akazikung'uta, akazimwaga. Mikono ilifanya yote hayo bila yeye.

Stanley alikuwa hajaondoka. Mzee yule ana masikio ya paka.

"Kumbe anatukimbia! Jamani, Mavis anataka kutukimbia!"

"Aende wapi?" akauliza mwanamke mmoja nyuma.

"Filey, kwa dada yake, wapi tena?" Stanley akajibu.

"Filey kuna nini? Upepo na ndege wa kunyea watu kichwani!"

"Usituache, Mavis!"

Duka zima likapiga makofi. Walimpenda, hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na kila kofi lilikuwa kama mtu anayegongomea ubao mlangoni. Mavis alicheka pamoja nao. Alijipangusa uso kwa aproni, nikaona hakuwa anapangusa jasho.

"Usipokubali, sikulaumu," Bwana Andreou akamwambia. "Nitatafuta kwingine. Nipigie simu kesho."

Tulifunga baada ya chakula cha mchana, kama kawaida, ili kusafisha kabla ya jioni. Mavis alipanda sebuleni nami nikamfuata na chai. Alikaa juu ya gunia, si kwenye kiti. Hita ilikuwa bado inawaka.

"Ningewapa za kahawia," akasema, "saa hii ningekuwa nafunga sanduku."

"Gunia lile lililokataa bado lipo chini," nikasema. "Mwambie aje aonje tena. Mwambie leo ilikuwa bahati."

Alinitazama kama nimemwambia atemee karai mate.

"Ameshakula, Joyce."

Nilizima hita. Akaniambia niiwashe tena, magunia mawili bado yana watu wa kuyala.

"Utamjibu nini?"

"Nitamjibu nini? Nikikataa, nabaki hapa mpaka nife. Nikikubali, nabaki mwaka." Akanywa chai. "Edna hawezi kungoja mwaka. Ana kodi ya kulipa, maskini."

Jioni alikaanga kama kawaida. Watu walikuja wengi kuliko Ijumaa yoyote niliyoikumbuka, kwa sababu Stanley alikuwa amepita kila baa akitangaza.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nilipofika, Mavis alikuwa kwenye simu ya ukutani karibu na mashine ya kumenyea, aproni ikiwa tayari imefungwa. Alikuwa ameshazungumza na Bwana Andreou. Sasa alikuwa akiongea na Edna.

"Mpe muuguzi," alikuwa akisema. "Hapana, mpe. Ni mwaka tu." Akasikiliza. "Najua nilisema hivyo mwaka jana pia." Akasikiliza tena, akasema haya, akasema haya mara ya pili, akakata.

Alisimama kidogo, kiganja chake kikiwa juu ya simu. Kisha akainua tena, akampigia Ellis wa Goole. Aliuliza viazi vilivyo shambani vinaendeleaje, na kama mvua haikuvizidi. Akamwomba amwekee vya shamba la juu, penye mchanga, na visisogezwe karibu na mashine ya baridi.

"Vya Juni," akasema. "Juni ijayo. Ndiyo, nitakuwepo."