Nta ya Kumpeleka Idrissa Kupasuliwa

Ndugu yangu Idrissa alizaliwa Mkiwa, enzi za Mwingereza, akapewa jina la Stumai, maana mkunga alitazama mara moja akasema ni wa kike. Alikosea. Mwili wenyewe haukuwa umeamua, lakini moyo wake uliamua mapema. Tangu anachunga ndama alikuwa ananiambia, dada, mimi ni mwanamume, jina langu Idrissa, usimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Mdomo wangu nikiufunga, hata koleo la mhunzi haliufungui.

Akawa mtu mzima, ndevu zinaota anazinyoa kwa kificho, tumbo linamwuma mpaka anajikunja. Nikampeleka kwa daktari wa misheni. Yule mzungu akasema Dar es Salaam yuko mpasuaji awezaye kumtengeneza awe vile anavyojijua. Ila nauli, dawa na malazi ni juu yetu.

Tungetoa wapi? Baba alishakufa. Aliacha mizinga ya nyuki tu, kule msituni kwa kuelekea Itigi, na Mhindi wa Itigi alikuwa ananunua nta.

Hapo ndipo hofu ilipoingia nyumbani. Kwetu mzinga ni mali ya mwanamume. Baba akifa, unakwenda kwa mwanawe wa kiume. Kama hana, kwa ndugu yake. Binti akipanda, ameiba, na nyuki watahama. Kwa hiyo ile mizinga watu wote waliijua kuwa ya baba mdogo Alute.

Idrissa alivaa kaptula ya marehemu akapanda. Mimi chini na moshi, mkojo unanibana kwa woga. Kijiti kikivunjika, nasema huyo Alute. Tuliyeyusha nta tukaificha ndani ya mtama, na kila mgeni aliyepiga hodi alinikausha mate.

Kosa tulilofanya ni dogo, ila lilitosha kutuua. Idrissa alilelewa kike, mikono yake ilifundwa kufunga mizigo ya kuni. Basi akawa anafunga vifuniko vya mizinga kwa fundo lile lile la kuni.

Mchana mmoja baba mdogo akaingia, shikamoo yangu hakuipokea. Akatupa kamba ya gome karibu na mafiga, fundo likiwa bado limekaza.

“Mwanamke gani anapanda mizinga yangu?”

Nikashika mchi. Mlangoni pa chumba alimokuwa Idrissa sikutoka. Idrissa akatoka nyuma yangu.

“Baba mdogo, mizinga ya baba ni ya nani?”

“Ya mwanawe wa kiume, kama angekuwa naye.”

“Basi sikuiba. Mimi ndiye.”

Alute akamtazama shingoni, kwenye vipele vya wembe. Alimtazama muda mrefu, nikadhani atamvua nguo pale pale. Akasema ataita wazee na akina mama wakongwe, wamchunguze, ukweli ujulikane.

“Lini?” nikamuuliza.

“Keshokutwa,” akasema. “Kesho nina kazi shambani.”

Shamba lake lilikuwa limeshavunwa. Mimi na Idrissa tulilijua hilo, naye alijua tunalijua. Akaondoka bila kugeuka.

Jogoo la kwanza lilitukuta njiani, nta vichwani. Tukalala porini, kesho yake tukaingia Itigi. Mhindi alipokwisha kutulipa, Idrissa akakaa chini karibu na reli, treni imeshafika.

“Dada, nikifia kwenye kisu?”

“Utazikwa na jina lako. Nitasimama juu ya kaburi nilitaje, atakaye kukasirika akasirike. Haya, panda.”

Akapanda. Treni ilipoondoka nilimwona ameshika nondo za dirisha kama mfungwa.

Nikarudi Mkiwa peke yangu. Wazee walikuwa wameshatukosa, wakakaa tena, wakauliza mwizi yuko wapi. Nikawaambia hakuna mwizi, mrithi amekwenda kutibiwa. Wakanitoza mbuzi kwa jeuri yangu. Nikamtoa. Kila msafiri aliyetoka Itigi nilimuuliza barua, barua haikuja, na mpaka mtama mpya ukachanua nilikuwa namlilia kimoyomoyo kama maiti.

Alirudi amekonda, anatembea polepole, ndevu hakunyoa. Akapita nyumbani kwa Alute kwanza, akamwamkia. Baba mdogo akaitikia marahaba, akamuuliza kama daktari amemkataza kupanda miti.

“Mpaka mavuno,” Idrissa akasema.

“Basi mpaka mavuno nitakuangalizia mizinga.”

Idrissa akaja kwangu, akalala siku nzima. Mimi nikakaa mlangoni, mchi magotini, bado nawaogopa wale wazee.